Mlima Tuliofundishwa Kuwa Mweupe

Sisi tuliozaliwa miaka michache kabla ya Uhuru tulisomeshwa mlima ambao wengi wetu hatukupata kuuona. Kutoka hapa Ilemba, chini ya ukuta wa Lyamba lya Mfipa, hadi kilele cha Kibo ni zaidi ya kilomita 700 kwa anayeruka kama ndege, na kwa anayepita barabarani ni safari ya kuaga watu kwanza. Lakini tuliuchora. Mtoto wa bonde la Rukwa, ambaye baridi yake kubwa ni ile anayoisikia akipanda Sumbawanga mwezi wa Juni, alichora pembetatu, akapaka rangi ya udongo, akaacha ncha wazi. Mwalimu alimpa vema. Aliyeipaka ncha rangi alipewa kosa, na mimi mwenyewe, nilipokuja kuwa mwalimu, niliendelea kugawa makosa hayo.

Weupe ule ulikuwa na kazi. Katika nembo ya taifa mwanamume na mwanamke wamesimama juu ya Kilimanjaro. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipeleka bendera na mwenge hadi kileleni, mita 5,895 juu ya bahari, na kilele kikaitwa Uhuru. Tukakua tukijua kwamba vyama vitabadilika, bei ya mahindi itabadilika, hata mikoa itabadilika. Mkoa wa Rukwa wenyewe ulizaliwa 1974, sisi tukiwa tayari tuna ndevu. Theluji ndiyo tuliyoihesabu kuwa ya kudumu. Hakuna aliyetutamkia hivyo. Ile ncha tusiyoipaka rangi ilitosha.

Sasa hesabu zimekuja, nazo hazina adabu kwa wazee. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Fritz Klute na Eduard Oehler, walipiga picha na kupima Kibo kwa vyombo vya ardhini. Kutokana na kazi yao wataalamu wamekadiria kwamba barafu ya mlima wakati ule ilikuwa karibu kilomita za mraba 12. Picha zilizopigwa kutoka ndegeni zikaonyesha kama 6.7 mwaka 1953, 4.2 mwaka 1976, na 3.3 mwaka 1989. Baadaye setilaiti zikashika kazi: mwaka 2003 kilomita 2.5, mwaka 2011 kama 1.8. Vipimo vya miaka ya karibuni vinasema imebaki pungufu ya kilomita moja ya mraba. Tupo humu vijijini watu wenye ng'ombe ambao malisho yao ni makubwa kuliko barafu yote ya Kilimanjaro.

Zitazame namba hizo kwa utulivu. Usiku ule wa mwenge wa 1961, karibu nusu ya barafu aliyoipima Klute ilikuwa imekwisha kwenda. Hans Meyer, aliyefika kileleni 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, aliporudi mlimani 1898 aliona kwa macho yake kuwa barafu imerudi nyuma. Kwa hiyo mlima tuliopewa kama ishara ya kudumu tulipewa ukiwa tayari unapungua, na waliotupa hawakujua, au waliojua hawakuona sababu ya kuwaambia watoto wa shule.

Dunia ina vituko vyake katika jambo hili. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliandika kwamba ameona theluji karibu na ikweta. Wasomi wa Ulaya, mbele yao William Desborough Cooley aliyechora ramani za Afrika akiwa kwake London, walimcheka. Wale walikataa theluji bila kufika, sisi tukaiamini bila kufika. Mashaka yao yalikuwa na faida moja: yalilazimisha watu kwenda kupima. Imani yetu haikumtuma mtu popote.

Ninayeongea naye mambo haya ni mjukuu wangu anayesoma upimaji na ramani chuoni Dar es Salaam. Likizo huja na kompyuta yake, na umeme ukiwepo tunakaa barazani. Siku za mwanzo nilikuwa naona weupe kwenye picha za setilaiti za Kibo nasema, “Mbona ipo tele?”

“Babu, hiyo ni theluji ya juzi,” akaniambia. “Wiki ijayo haipo. Tunayoitafuta ipo chini yake.”

Hilo ndilo lililonichukua muda kulielewa, na nadhani hata waandishi wengi wa magazeti halijawaingia. Theluji ni ile inayoanguka leo na kutanda mlima mzima, mtalii akapiga picha akatangaza kwamba wanasayansi ni waongo. Barafu ni ile iliyolala juu ya mwamba miaka na miaka, ikashindiliwa na uzito wake. Mwaka 2000 timu ya Lonnie Thompson kutoka Marekani ilitoboa barafu ya Kibo mara sita, ikatoa nguzo ndefu za barafu, na tabaka la chini kabisa wakalikadiria kuwa na miaka kama 11,700. Hiyo ndiyo mali inayopimwa. Anayetaka kuipima kwa setilaiti hawezi kuchukua picha yoyote. Anasubiri kiangazi, anatafuta siku isiyo na wingu, siku ambayo theluji mpya imekwisha kuondoka, ndipo ukingo wa barafu unaonekana ulipo kwa kweli. Kwa mlima unaovaa wingu karibu kila siku, picha njema kwa mwaka zinaweza kuwa chache mno.

Kuna ujanja mwingine pia. Wingu ni jeupe na barafu ni nyeupe, hivyo jicho linadanganyika. Lakini setilaiti inaona mwanga ambao sisi hatuuoni. Barafu hurudisha mwanga wa kijani kwa wingi, ila mwanga wa infraredi, ule wa upande wa mawimbi yake mafupi, huumeza. Wingu hurudisha vyote viwili. Kompyuta inachukua kijani, inaondoa infraredi, inagawa kwa jumla ya vyote viwili, na kila kijiraba cha picha kinapewa namba. Namba kubwa ni barafu au theluji, ndogo ni mwamba au wingu. Kisha mtu mwenye macho anakaa na kurekebisha, kwa sababu kivuli cha genge huichanganya kompyuta, na vumbi likikaa juu ya barafu inakuwa na rangi ya mlima wenyewe.

Vijiraba hivyo ndivyo vilivyonifanya nielewe udogo wa kilichobaki. Katika picha za setilaiti za Landsat, ambazo nyingi zimepigwa kutoka kilomita zaidi ya 700 juu, kijiraba kimoja ni mita 30 kwa 30. Kilomita moja ya mraba ina vijiraba kama 1,100. Hivyo barafu yote ya mlima mrefu kuliko yote Afrika leo ni vijiraba visivyofika hata hivyo 1,100, na vingi kati ya hivyo vipo ukingoni, nusu barafu nusu mwamba, vya kubishaniwa. Ndiyo maana siku hizi wanapenda picha za Sentinel-2 za Ulaya, zilizoanza 2015, zenye vijiraba vya mita 10, au zile za kununua zinazoonyesha hata jiwe. Kitu kikipungua sana, kipimo cha zamani kinashindwa kukishika.

Kwa watu wa bonde hili, kutazamwa kutoka juu si jambo geni. Mbuga za Rukwa ni mojawapo ya mazalio ya nzige wekundu, wale waliotapakaa kusini na mashariki mwa Afrika kuanzia 1930 hadi 1944. Mwaka 1949 ikaundwa huduma ya kimataifa ya kuwadhibiti, ikakaa Abercorn, mji ambao sasa ni Mbala, ng'ambo tu ya mpaka wa Zambia. Tulipokuwa wadogo, ndege iliyopita chini juu ya mbuga haikuwa na siri: inatafuta nzige. Kazi hiyo haijaisha. Mwaka 2009 bonde hili lilikuwa kati ya maeneo ya Tanzania ambako nzige wekundu walipigwa kwa dawa iliyotengenezwa na kuvu. Watu walikuwa wakipunga mkono kwa rubani, nao walijua anachokitafuta.

Ile nyingine hatukuijua. Tarehe 23 Julai 1972 Wamarekani walirusha setilaiti ya kwanza ya mfululizo wa Landsat, na tangu siku hiyo dunia ikaanza kupigwa picha kwa zamu, mlima na bonde, bila kuomba ruhusa kwa mtu. Sisi tulikuwa vijana tunaingia utu uzima. Tulidhani wanaotuona ni Mungu na mjumbe wa nyumba kumi. Kwa picha za wakati ule, zenye vijiraba vya mita 80 hivi, nyumba haionekani, ng'ombe haonekani, lakini pori lililofyekwa linaonekana. Miaka miwili mitatu baadaye ikaja operesheni ya vijiji, watu wakahamishwa kutoka kwenye makazi yaliyotawanyika wakawekwa pamoja, mashamba mapya yakafunguliwa mahali pamoja na ya zamani yakaachwa. Yote hayo yaliingia kwenye kumbukumbu ya anga. Hakuna kizazi kabla yetu katika Ufipa ambacho utu uzima wake wote umewekewa picha tangu mwanzo. Babu zetu waliyeyusha chuma katika tanuru ndefu kupita mtu, na hakuna picha ya anga ya misitu waliyokata kupata makaa. Wamekwenda na hesabu yao. Yetu imehifadhiwa, na tangu 2008 mtu yeyote mwenye mtandao anaweza kuichukua picha ya Landsat bila kulipa senti.

Katika kuisoma hesabu hiyo ndipo wazee wenzangu wanapokosea, na nitawasema kwa sababu ni rika langu. Wakisikia barafu ya Kilimanjaro imekwisha, wanaweka mkono shavuni na kuanza wimbo wao: dunia imeharibika, vijana wamekata miti, heshima imeondoka, ndiyo maana hata theluji imekimbia. Maombolezo haya ni matamu, na ni ya uongo kwa sehemu kubwa. Wataalamu waliopanga vituo vya hali ya hewa juu ya Kibo, kina Georg Kaser, Thomas Mölg na Douglas Hardy, wameonyesha kwamba kule juu hewa hukaa chini ya nyuzi sifuri, na barafu haiyeyuki kwa kuoshwa na joto la hewa kama watu wanavyodhani. Inakatwa na jua kali, na sehemu kubwa hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji, kama nguo inavyokauka Sumbawanga kwenye upepo wa Julai ingawa jua halina nguvu. Zamani theluji iliyoanguka ilifidia kilichopotea. Kuanzia mwisho wa karne ya 19 hali ya hewa ya Afrika Mashariki ikawa kavu zaidi, mawingu na theluji vikapungua, na barafu ikaanza kuishi kwa akiba. Joto la dunia la miaka yetu linaikuta tayari mgonjwa, nalo halimsaidii mgonjwa. Lakini ugonjwa ulianza kabla ya babu yangu kununua jembe la kwanza la duka.

Na manabii nao wana lao. Mwaka 2002 ile timu ya Thompson iliandika kwamba barafu ya Kilimanjaro huenda ikatoweka kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na barafu ipo, imechakaa, imekatika vipandevipande; ile inayoitwa Furtwängler, katikati ya kreta, iligawanyika mbili kufikia 2007. Baadhi ya watu waliposikia kwamba utabiri haukutimia walifurahi kana kwamba mlima umeshinda kesi. Mwaka 2022 UNESCO ikasema barafu za Afrika zilizo katika Urithi wa Dunia zitakuwa zimekwisha kufikia 2050, na humo imo ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya. Mimi sitishiki na mwaka wala sifarijiki nao. Ukitaka kujua mlima unakoelekea, weka picha ya kiangazi cha mwaka huu juu ya picha ya kiangazi cha miaka kumi iliyopita. Mlima Kenya ni hivyo hivyo: Lewis, barafu iliyopimwa kwa muda mrefu na Stefan Hastenrath na wenzake, imebaki mabaki, na Gregory imekwisha kabisa. Rwenzori nayo inafuata.

Swali ambalo watu wa hapa huniuliza wakisikia haya ni moja: maji yatatoka wapi? Ni swali la mkulima, na ni zuri kuliko maombolezo. Jibu linashangaza. Mito inayotelemka Kilimanjaro haitegemei sana barafu, inategemea mvua na msitu. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea aliyeutembea mlima ule miaka mingi, ameonyesha kwamba moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu, na msitu huo ndio uliokuwa ukikamata ukungu na kuugeuza maji. Hasara ya maji kutokana na msitu ulioungua ni kubwa kuliko yale yanayopotea kwa barafu kwisha. Kwa hiyo wakati dunia nzima inaikodolea macho ile ncha nyeupe, mali halisi inaungua mita elfu kadhaa chini yake, mahali ambapo hakuna mtalii anayesimama kupiga picha.

Hilo linanirudisha nyumbani bila kulazimisha. Sisi wa Ilemba hatuna barafu ya kulilia, lakini msitu tulikuwa nao. Juu ya Sumbawanga, katika milima ya Mbizi, kuna mabaki ya msitu wa nyanda za juu, wenye mbega wekundu wa aina ambayo kwa hapa nchini hupatikana magharibi tu. Mabaki, nasema. Uwanda wa Ufipa kwa jumla ni nyasi, na babu zetu walijifunza kuishi na nyasi hizo kwa kuzifunika katika matuta ya intumba hadi zikaoza zikawa mbolea. Miteremko ya Lyamba, ile inayoshuka hadi kwetu, sisi tuliikuta na miti mingi kuliko tunayoiacha. Hapa hatuna kisingizio cha hewa ya karne ya 19. Hapa kulikuwa na shoka, moto wa Septemba, mkaa wa kupeleka mjini, na mifugo iliyoongezeka wenzetu Wasukuma walipoanza kuhamia na ng'ombe wao, ingawa ni rahisi mno kumtwisha mgeni mzigo ambao mwenyeji alishabeba nusu yake. Picha zipo. Kwenye picha zile ambamo mimea huonyeshwa kwa rangi nyekundu, mtu anaweza kufuata ukuta wa Lyamba mwaka kwa mwaka, tangu nilipokuwa na nguvu za kushika shoka hadi leo.

Tena kuna ziwa. Rukwa halina mto unaotoka. Songwe, Momba na mito mingine huingia, na jua ndilo pekee linaloyatoa maji. Kwa hiyo ziwa hili hupanda na kushuka kuliko maziwa yetu mengi, na kwa kuwa ni la kina kifupi, kupanda kidogo tu kunameza mbuga pana. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 zilipandisha maziwa mengi ya Afrika Mashariki, letu likiwemo. Kila mzee wa bonde ana jiwe lake au mti wake ambao anaapa kwamba maji yalifika pale mwaka fulani. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita 1880, alilipa ziwa jina la mfalme wa Wabelgiji, jina halikushika. Ukingo nao haushiki. Mwenye shamba la mpunga husema hapa palikuwa pakavu tangu enzi za baba yake, mfugaji husema hapa ni malisho ya kiangazi, mvuvi husema hapa ni mazalio ya magege. Wazee huitwa kutoa ushahidi.

Nimetoa ushahidi wa namna hiyo zaidi ya mara moja, na nimewasikia wenzangu wakitoa. Nasema wazi kwamba mzee akiulizwa ukingo wa ziwa wa miaka arobaini iliyopita mbele ya mtoto wake mwenye shamba, ziwa husogea kidogo. Setilaiti haina mtoto. Kwa miaka yenye picha, pendekezo langu kwa serikali ya kijiji ni kwamba picha itangulie, iwekwe mezani, kila mtu aione, ndipo mzee aulizwe kile ambacho picha haijui: nani alilima wapi, kwa makubaliano gani, na nani aliondoka kwa sababu gani. Ile hadhi ya kuwa mashahidi pekee wa zamani imetutoka, na kwa ukingo wa ziwa sioni kama ni hasara.

Lakini miaka mingine haina picha. Mjukuu wangu alipotafuta picha za Rukwa za miaka ya sabini na themanini alikuta mapengo. Setilaiti za mwanzo zilihifadhi picha chache kwenye kanda zao zilipokuwa mbali na vituo vya kupokea, na Afrika haikuwa ya kwanza kwenye foleni; nyingine zipo lakini wingu limefunika bonde lote. Hayo mapengo ndiyo yaliyobaki kuwa yetu. Tulio hai tuliokuwa watu wazima miaka hiyo tunapungua kila msimu. Nimemwambia aje na daftari likizo ijayo, azunguke Ilemba, Kaoze, Kipeta na kote pembeni mwa ziwa, awaulize wazee kuhusu miaka ile isiyo na picha. Awaulize mmoja mmoja, kila mtu kwake, asubuhi, kabla hatujakutana kilabuni tukaanza kusahihishana.